Namba za Gari la Mume Wetu

Nyumbani, 4 Machi

Mke mwenzangu usiye na haya,

Miezi saba! Hata paka akitoroka hurudi kunusa bakuli lake. Wewe umekwenda huko kwa watu ukatia gundi vidoleni. Barua yako ya mwisho ninayo hapa mezani, mistari sita, na minne ni salamu. Nimekubeba mgongoni mpaka miguu yako ikawa inagusa chini, leo unanipimia mistari kama dawa ya kikohozi?

Na kabla hujaanza kujitetea, simu siitaki. Ile aliyoninunulia shangazi yako inanisemesha kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe, na sikio langu la kulia unalijua. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, nikafundishwa kuandika barua, na barua nitaandika. Wewe uliyesoma mpaka ukapewa cheti cha umeme wa magari, ndiyo kalamu imekushinda?

Haya, nisikilize. Gari la mume wetu limegoma. Babu yako alipokuwa akikuita mke mdogo mbele ya watu nilikuwa nacheka, kwa sababu mke mdogo hakuwa akifua soksi zake. Sasa ni mwaka wa tatu hayupo. Tumebaki wajane wawili na gari moja, na gari lenyewe limeamua kumfuata.

Ilikuwa Jumanne, narudi posta, mvua ndiyo kwanza imekatika. Mara taa zote za dashibodi zikawaka kwa mpigo: ya breki, ya injini, ya usukani, na nyingine zenye picha nisizozijua. Mshale wa mafuta ukalala chini kama mtu aliyezimia, na mafuta nilitia asubuhi ile ile. Usukani ukawa mzito. Nikalibembeleza mpaka getini, likazima. Tangu siku hiyo nikigeuza ufunguo taa zinawaka, injini haisemi kitu.

Nimemwita fundi wa barabara ya juu, yule tunayemwita Badilisha kwa sababu hajawahi kutengeneza kitu bila kukibadilisha. Akachomeka kimashine chake, akakunja uso, akasema boksi la breki halijibu, limekufa, ninunue jingine. Nikamwuliza, breki na injini kutowaka vinahusiana wapi? Akasema, "Mama, magari ya siku hizi ni kompyuta." Nami nikamwambia, "Na wewe je, ni fundi?" Akaondoka amenuna.

Mnunuzi wa vyuma chakavu naye amesikia. Amepita mara mbili, anaizunguka ile bodi kwa macho kama mtu anayempimia maiti jeneza.

Bila gari, posta ni kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, na magoti yangu unayajua. Barua hii nitaipeleka kwa miguu. Humu ndani kinachosema siku nzima ni saa ya ukutani, na yenyewe ina neno moja tu. Ukishindwa kujibu kwa ajili yangu, jibu kwa ajili ya gari.

Bibi yako,
mke mkubwa


Chumbani, 15 Machi

Bibi, shikamoo.

Nimekosa. Sina la kujitetea. Mimi ni mzima. Gereji ipo palepale, magari yanaingia na kutoka.

Nakuomba, usinunue boksi. Usinunue chochote. Gari hilo lina maboksi kama saba yaliyofichwa ndani yake: la injini, la breki, la usukani, la dashibodi, na mengine. Yanasemezana muda wote kwa nyaya mbili tu. La breki likijua gari linakwenda kasi gani linayaambia mengine, la injini likijua joto linayaambia mengine. Yakiacha kusikilizana, kila moja linaogopa kivyake, ndiyo maana taa zote ziliwaka kwa pamoja. Mashine ya Badilisha imeita majina, la breki halikuitika, basi akaliandikia kifo. Lakini huenda li hai na umeme haulifikii vizuri. Huenda waya umekatika njiani. Huenda jirani yake anapiga kelele mpaka lenyewe halisikiki. Mashine inajua nani kanyamaza, haijui kwa nini. Hilo nimejifunza kwa taabu, bibi, siku nyingine nitakueleza.

Tutalitafuta kosa mimi na wewe, polepole, kitu kimoja kwa barua moja. Gerejini hatugusi gari bila kadi. Kila kadi huanza na tarehe, kisha ile namba ndefu iliyo chini ya mshale wa mwendo, kisha ugonjwa. Kwa hiyo kila ukiniandikia, geuza ufunguo mpaka taa ziwake, nakili namba hiyo, uiweke juu ya barua. Usiiruke hata siku moja.

Sasa niambie: taa zipi zinawaka? Ugonjwa ulianza na mvua, au mvua ilikuwa bahati mbaya? Na ndani ya gari kuna sehemu yoyote yenye maji?

Mjukuu wako


Nyumbani, 26 Machi
184302

Mke mdogo,

Ona, kumbe unaweza kujaza kurasa mbili. Nilidhani mkono umekauka.

Namba yako hiyo hapo juu. Usinifundishe nidhamu ya namba. Nimeishi miaka thelathini na nane na dereva.

Taa ni nane. Nimezichora nyuma ya karatasi hii. Ile inayofanana na mtu aliyekumbatia mpira sijui ni ya nini. Kuhusu mvua, sasa ndiyo umenifumbua macho. Mwezi wa kwanza baada ya mvua ile kubwa taa ziliwaka kidogo zikazima, nikasema ni mambo ya uzee, langu au lake. Na leo nimeinua zulia la upande wa abiria. Loo! Limelowa mpaka linanuka kama soksi za mume wetu. Maji yanaingia kwenye pembe ya kioo cha mbele, raba imekatika, kidole kinapita.

Unajua kwa nini sikuliona kabla? Kwa sababu upande wa abiria hakai mtu. Mimi mwenyewe naendesha na mto mgongoni, kwa kuwa kiti cha dereva sijakisogeza. Kipo alipokiacha yeye. Usinicheke.

Mkuu wako wa gereji, yule mwenye tumbo, bado anakoroma mchana chini ya feni? Nisalimie. Na barua yako imefika safi sana, haina hata doa. Nimeishangaa.

Bibi yako


Chumbani, 5 Aprili

Bibi, shikamoo.

Mchoro wako umenifanya nicheke peke yangu mpaka watu wakageuka. Mtu aliyekumbatia mpira ni taa ya mfuko wa hewa. Mkuu sijamsikia akikoroma siku hizi.

Nimekutumia kifurushi kwa basi. Ndani kuna mita yangu, ya njano. Ni yangu mwenyewe, niliinunua kwa mshahara wa kwanza, kwa hiyo ukiiangusha usiniambie. Fanya hivi. Kwa spana namba kumi legeza waya mweusi wa betri, uuweke kando, ungoje kama muda wa kupiga pasi gauni moja. Kisha piga magoti mlango wa dereva, tazama chini ya usukani. Kuna soketi yenye matundu kumi na sita, safu mbili. Hesabu kutoka kushoto: tundu la sita la juu na tundu la sita la chini. Hapo ndipo zinapoishia zile nyaya mbili za mazungumzo. Zimesokotwa pamoja njia nzima, kama ulivyokuwa unanisokota nywele, ili kelele za nje zisipenye. Nimeshaigeuza swichi ya mita mahali pake, wewe gusisha ncha tu.

Ikisoma karibu na sitini, nyaya ni nzima. Ikisoma mia na ishirini, mahali fulani pamekatika. Ikisoma sifuri, zimegusana. Usikisie. Andika unachokiona.

Nilipo ni kimya, bibi. Naweza kupitisha siku nzima nimesema neno "asante" tu. Kwa hiyo andika mengi, hata yasiyo ya gari.

Mjukuu wako


Nyumbani, 16 Aprili
184302

Mke mdogo,

Hamsini na tisa, nukta, nane. Nimepima mara tatu.

Sasa ngoja nikuambie aibu uliyonitia. Kupiga magoti nilishindwa, nikalala chali, kichwa chini ya usukani, miguu nje ya mlango. Akapita mke wa mwalimu, akaona miguu, akapiga yowe kwamba nimefariki. Nikamjibu kutoka chini, "Sijafariki, nahesabu matundu!" Akakimbia zaidi. Saa ile ile barabara nzima ikaja getini. Hata mnunuzi wa vyuma alikuja, nadhani alitaka kununua wote wawili.

Walipoondoka nilibaki ndani ya gari. Nilikaa tu. Unajua bado kuna ile harufu ya mume wetu? Nilifungua kile kisanduku cha mbele nikakuta daftari lake. Kila safari ameandika tarehe na namba, kwenda na kurudi, mpaka siku ya kumpeleka hospitali. Kurudi hakuandika, na mimi sikuandika.

Umesema andika mengi. Sina mengi. Naamka, nafagia ua ambao haujachafuliwa na mtu, napika kidogo, kinabaki. Haya, hayo ndiyo mengi. Niambie sitini ni habari njema au mbaya.

Na wewe hapo gerejini watu kumi na wawili, unawezaje kukaa siku nzima na "asante" moja?

Bibi yako


Chumbani, 24 Aprili

Bibi, shikamoo.

Ni habari njema sana. Kuna mafundi waliosomea kazi hii wasiojua kupima hivyo. Nyaya za mazungumzo ni nzima. Kwa hiyo tatizo ni boksi au chakula cha boksi.

Nakumbuka gari la aina hiyo. Maboksi matatu hufunga waya zao za athi, yaani zile za kurudisha umeme kwenye bodi, kwenye bolti moja, na bolti hilo liko upande wa abiria, nyuma ya ubao mdogo pale mguu unapoegemea. Palepale penye zulia lililolowa. Likiota kutu, umeme unakwenda lakini haurudi vizuri, na boksi linaanza kubwabwaja kama mtu mwenye homa.

Rudisha waya wa betri. Bandua ubao, unatoka kwa kuuvuta. Geuza swichi ya mita mpaka kwenye alama niliyoitia rangi nyekundu ya kucha. Ncha nyeusi ibane kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kutoa, kile cha waya mweusi, kwenye kifurushi kuna waya mrefu wenye vibanio. Ncha nyekundu gusa bolti. Geuza ufunguo taa ziwake. Isome sifuri au karibu sana na sifuri. Ikizidi hapo, ondoa waya wa betri tena, fungua bolti, sugua kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, kaza kwa nguvu. Halafu kausha zulia na uzibe ile raba.

Nimeandika taratibu, nimesoma mara nne. Nataka hili liwe sawa, bibi. Nalihitaji liwe sawa kuliko unavyojua.

Mjukuu wako


Nyumbani, 3 Mei
184308

Mke mdogo,

Mita ilisoma tatu, nukta, mbili. Si sifuri.

Bolti lilikuwa limevimba kutu, la kijani na la kahawia, mfano wa jino bovu. Nilining'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, na uzito ninao. Likalia, likatoka. Nimelisugua kwa msasa mpaka linang'aa, na bodi nimeisugua, na vichwa vya waya vyote vitatu. Nimekaza. Nimepima tena, sifuri, nukta, sifuri, mbili. Raba nimeiziba. Zulia liko juani siku ya tatu.

Kila ulichoniagiza nimefanya. Niambie la kufanya linalofuata. Usikawie.

Bibi yako


Chumbani, 12 Mei

Bibi, shikamoo.

Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba ni bolti. Nilifungua barua yako nimesimama, nilipofika pale unapouliza la kufanya linalofuata, nikakaa.

Basi sijui. Nimewaza siku mbili. Kama athi imepona na nyaya ni nzima, labda ni boksi kweli, na Badilisha alikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi nimekusumbua bure, nimekulaza chali mbele ya majirani. Namba ya juu nayo umeandika nane mwishoni badala ya mbili. Vaa miwani, bibi, kama namba hiyo tu inakosewa basi na vipimo vingine siwezi kuvitegemea.

Nipe muda nifikiri. Usiguse kitu.

Mjukuu wako


Nyumbani, 7 Juni
184362

Wewe,

Nimevaa miwani.

Wiki tatu na zaidi unafikiri. Hata yai lingekuwa limeshaanguliwa. Umeniambia nisiguse kitu, na umeniacha hapo hapo na spana mkononi. Mtu akisema "nipe muda" halafu akapotea, anakuwa hakuomba muda, ameaga.

Sina kipimo cha kukupa leo. Namba hiyo juu, isome.

Bibi yako


Chumbani, 15 Juni

Bibi, shikamoo.

Nimeisoma.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga sakafuni, hakuna nafasi kwingine. 184302, 184302, 184308, 184362. Gari lililozima halitembei, bibi. Kati ya barua mbili za mwisho limekwenda kilomita hamsini na nne. Kwako mpaka posta na kurudi ni sita. Hizo ni safari tisa. Moja ulipeleka barua yako. Moja ulichukua yangu. Zilizobaki ni saba.

Ulikwenda mara saba ukakuta sanduku tupu?

Limewaka tangu siku ile ya bolti. Nilikuwa sahihi, na niliketi humu mwezi mzima nikiamini nimekosea, nawe ulijua. Kwa nini hukuniambia?

Sina haki ya kukasirika, kwa hiyo acha na mimi niseme. Sipo gereji. Nimetoka tangu mwezi wa nane mwaka jana. Lililetwa gari lenye taa zote zimewaka, mashine ikasema boksi la usukani halijibu. Nikabadilisha. Ikasema la breki. Nikabadilisha. La tatu pia. Mwenye gari akarudi nalo likiwa limefungwa kamba nyuma ya jingine. Mwenzangu akalegeza bolti moja la athi, akalisugua, dakika kumi, likawaka. Watu kumi na wawili walikuwa wanatazama. Mkuu hakupiga kelele, alinionyesha geti tu.

Sasa nakaa kwenye kibanda cha maegesho. Kuna stuli na kidirisha. Magari yanaingia na kutoka mbele yangu kutwa, nakata tiketi, nasema asante. Mengine nayasikia kabisa yanavyoumwa, na nanyamaza. Nani atamsikiliza mkata tiketi? Sikuandika miezi saba kwa sababu kila nilipoanza, nilitakiwa kuandika neno gereji.

Gari lako ndilo gari pekee nililoshika mwaka huu. Ndiyo maana nilikwenda polepole. Ningeweza kukuandikia habari za bolti tangu ile barua ya zulia. Nilianza na nyaya kwa sababu ni taratibu, hilo ni kweli. Lakini pia nilitaka barua zaidi.

Mjukuu wako


Nyumbani, 23 Juni
184374

Mke mdogo, mpumbavu wangu,

Unaniuliza kwa nini sikukuambia? Hukuniuliza. Nimezirudia barua zako, ninazo hapa mezani. Uliniuliza bolti, nikakujibu bolti. Uliniuliza sifuri, nikakupa sifuri. Wapi umeandika, "Bibi, je, limewaka?" Fundi gani huyo anayetibu na asimwulize mgonjwa kama amepona?

Na usidhani umenikamata. Nimekaa ubavuni mwa dereva miaka thelathini na nane, nisijue ile namba inahesabu nini? Niliiandika kwa makusudi. Nikasema, yule ni fundi, ataisoma, na akiisoma atajua gari linakwenda, na atajua linakwenda wapi. Fundi akaniambia nivae miwani! Siku ile nilikutukana kwa sauti mpaka mke wa mwalimu akachungulia tena.

Ndiyo, saba. Mara ya nne kulikuwa na karatasi ndani, moyo ukaruka, kumbe tangazo la sabuni. Karani wa posta sasa akiniona naegesha anatikisa kichwa kabla sijafungua mlango. Namchukia.

Nilinyamaza kwa sababu gari lilipokuwa bovu ulikuwa unaandika. Basi. Nimelisema mara moja na sitalirudia, usiniletee maneno hayo ukifika.

Sasa na wewe. Unadhani sikujua? Barua zako za zamani zote zina dole jeusi pembeni, la grisi, pale unapokunja karatasi. Nimezihifadhi ndani ya sanduku, dole juu ya dole. Ile ya Machi ikaja nyeupe pee. Nikasema, huyu hashiki tena chuma. Nikakutupia habari za mkuu wa gereji, ukanijibu eti hujamsikia akikoroma. Ni kweli, ungemsikiaje na wewe uko kibandani? Umejifunza kwa nani kujibu hivyo? Kwangu, najua, nyamaza.

Hilo la kufukuzwa halinitishi. Babu yako aliwahi kugonga geti la ofisi na lori la ofisi, mbele ya bosi wa ofisi. Alikaa nyumbani miezi minne anatazama dari. Kilichomwinua ni mimi kuchoka kumwona. Ulibadilisha maboksi matatu mazima kwa sababu mashine ilisema. Umekosa, umeadhibiwa, umejifunza. Mimi mzee wa darasa la nne umenilaza chini ya usukani, kwa barua, nikalipata kosa. Watu kumi na wawili waliokutazama hakuna hata mmoja anayeweza kufanya hivyo.

Juzi nilimpita Badilisha barabarani. Alikimbia nyuma ya gari na kandambili mkononi mpaka nikasimama. "Mama, boksi ulinunua wapi?" Nikamwambia, "Nimenunua msasa." Hakucheka. Akaniambia pale kwake kuna kilori cha maziwa, taa zote zimewaka, ameshabadilisha maboksi mawili na bado hakijibu mtu. Mwenye maziwa anakuja kila asubuhi kumtukana. Akauliza fundi wangu ni nani. Nikasema, mke mwenzangu. Akauliza anapatikana wapi. Nikashindwa kumjibu, na mimi sipendi kushindwa kujibu.

Nimekatazwa na magoti yangu kukufuata, kwa hiyo sikuulizi, nakuagiza. Tiketi waachie wenyewe. Panda basi la Ijumaa. Mita yako ninayo, haijaanguka. Teremka posta, usiende mpaka stendi, nitakuwa nimeegesha mbele ya masanduku na yule karani atatuona. Mimi nitakaa upande wa abiria, zulia limekauka. Kiti cha dereva bado kipo alipokiacha yeye, na miguu yako ni mirefu kama yake, hutahitaji mto. Daftari lake liko ndani ya kisanduku cha mbele, na ile safari ya kurudi kutoka hospitali bado ni mstari mtupu. Uuache. Chini yake anza mpya.

Ukifungua mlango usinisalimie kwanza. Kaa, geuza ufunguo, soma namba, uiandike na tarehe. Ndipo unipe shikamoo yangu, kisha utupeleke kwa Badilisha.

Bibi yako